Aina za Sheria na Haki ya Ardhi katika Karatu na Ngorongoro, 1895–2022: Uchunguzi wa Kihistoria

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna aina mbalimbali za sheria zilivyoingia na kukutana katika maeneo ya Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, tangu utawala wa Wajerumani hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Dhana ambazo wanafunzi wa biashara hufundishwa katika hatua za awali, yaani sheria ya umma na sheria binafsi, sheria ya jinai na sheria ya madai, sheria iliyoandikwa na sheria ya mila, zinafafanuliwa kwa kutumia historia ya ardhi ya maeneo hayo. Hoja kuu ni kwamba aina ya sheria inayotawala kipande cha ardhi ndiyo iliyoamua iwapo mkulima au mfugaji alikuwa na mali mikononi mwake au alikuwa na ruhusa tu ya kukaa. Shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, lililotoka katika Kata ya Mbulumbulu na kuamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994, linachukuliwa kuwa kielelezo kikuu.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Makuyuni hupanda bonde la ufa, hupita katikati ya mashamba ya mahindi, ngano na kahawa ya Karatu, kisha hufika katika lango la Lodoare, ambapo Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro huanza. Udongo wa pande zote mbili za lango una asili moja ya volkano. Hata hivyo, mtu anayelima mahindi upande wa Karatu anatumia haki yake, ilhali anayelima upande wa pili anatenda kosa. Tofauti hiyo haikuletwa na maumbile wala na mila za wenyeji. Ililetwa na sheria, na ina historia inayoweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka.

Katika vitabu vya sheria ya biashara, mwanafunzi huanza kwa kuelezwa kuwa sheria hugawanyika katika makundi. Sheria ya umma husimamia uhusiano kati ya dola na watu, nayo hujumuisha sheria ya katiba, sheria ya utawala na sheria ya jinai. Sheria binafsi husimamia uhusiano wa watu wao kwa wao, kama vile mikataba, mauzo ya bidhaa, ubia na mirathi. Katika shauri la jinai, Jamhuri hushtaki na hutakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka yoyote ya maana. Katika shauri la madai, mdai humfikisha mdaiwa mahakamani na kutakiwa kuonyesha kuwa madai yake yana uzito zaidi. Mgawanyo huu ni sahihi, lakini ukifundishwa bila historia huonekana kama orodha ya kukaririwa. Katika Karatu na Ngorongoro, mgawanyo huo umekuwa jambo la shamba, mifugo na makazi.

2.0 Sheria kabla ya maandishi

Kabla ya ukoloni maeneo haya yalikuwa na sheria, ingawa haikuandikwa. Kwa Wairaqw, ambao kitovu chao kilikuwa katika nyanda za juu za Mbulu, ardhi ilipatikana kupitia jamii ya eneo, iliyoitwa aya, na wazee wake walikuwa na kauli juu ya nani apewe sehemu ya kufyeka na wapi mifugo ilishwe. Aliyefyeka na kulima alikuwa na haki iliyotambuliwa na jirani zake, na haki hiyo ilirithiwa. Kwa Wamaasai, malisho na maji vilitumiwa kwa pamoja ndani ya sehemu ya kabila, iliyoitwa olosho. Yapo maeneo yaliyotengwa karibu na maboma kwa ajili ya ndama, na wazee pamoja na viongozi wa rika, yaani olaigwanani, waliamua migogoro. Kwa Wahadzabe waishio kuzunguka Ziwa Eyasi, haki ilihusu zaidi matumizi ya pori kwa kuwinda na kukusanya chakula kuliko umiliki wa kipande kimoja.

Mambo mawili yanapaswa kuzingatiwa. Kwanza, sheria ya mila haikutenganisha kwa ukali jinai na madai: aliyeua au kuiba alitozwa fidia ya mifugo, na fidia hiyo ilikuwa adhabu na malipo kwa wakati mmoja. Pili, haki ilitokana na kutambuliwa na jamii wala si na hati. Jambo hili la pili ndilo lililokuja kuwa chanzo cha udhaifu wa wenyeji mbele ya sheria ya dola.

3.0 Sheria ya dola ya kikoloni, 1895–1945

Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani isiyo na mmiliki ilikuwa mali ya dola. Wenyeji waliachiwa kudai maeneo waliyoyatumia, lakini mzigo wa kuonyesha haki uliegemezwa kwa asiye na hati. Kwa msingi wa mfumo huo walowezi waliweza kupewa mashamba, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa wakifuga na kulima ndani ya kreta ya Ngorongoro.

Baada ya vita, Uingereza iliitawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Amri ya Baraza la Mfalme ya tarehe 22 Julai 1920 ilileta sheria ya Uingereza isiyotungwa na Bunge, misingi ya haki na usawa iliyotumiwa na mahakama za nchi hiyo, pamoja na sheria za matumizi ya jumla zilizokuwepo Uingereza siku hiyo. Tarehe hiyo ina uzito mpaka leo, kwa kuwa Sheria ya mwaka 1961 kuhusu matumizi ya sheria mahakamani iliihifadhi. Ndiyo sababu mwanasheria wa Kitanzania huweza kurejea uamuzi wa jaji wa London wa karne ya 19.

Biashara nayo ilipewa sheria zake. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika hadi ilipotungwa Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo iliifuata kwa sehemu kubwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ilitungwa mwaka 1931 kwa kufuata mfano wa Uingereza. Hata hivyo, sheria hizi hazikuwahusu watu wote kwa usawa. Sheria ya mwaka 1931 iliyozuia utoaji wa mikopo kwa wenyeji ilimnyima mfanyabiashara asiye Mwafrika uwezo wa kumdai Mwafrika mahakamani, isipokuwa muamala huo uwe umepata kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa hatua hiyo ya ulinzi ilikusudiwa kuwaepusha wenyeji na madeni. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka hakuwa na sababu ya kumkopesha mkulima. Mkulima alilindwa dhidi ya deni, na papo hapo akafungiwa mlango wa mtaji.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya udhibiti wa Gavana. Mlowezi aliweza kupewa haki ya kukalia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, yenye hati, masharti na kodi. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliongeza kuwa mwenyeji anayetumia ardhi kwa kufuata mila naye achukuliwe kuwa na haki ya kukalia. Hivyo zikazaliwa haki mbili juu ya ardhi ya aina moja: ya kwanza ilitolewa kwa hati, ya pili ilidhaniwa kuwepo. Katika Oldeani, ambako walowezi, wengi wao Wajerumani, walianzisha mashamba ya kahawa, haki ya kwanza iliweza kuuzwa na kuwekwa rehani. Mkulima wa Kiiraqw aliyehamia Karatu akitafuta ardhi mpya alikuwa na haki ya pili, ambayo benki haikuijua.

4.0 Mpaka wa hifadhi, 1951–1979

Mwaka 1951 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo kwa wakati huo ilijumuisha pia nyanda za juu za Ngorongoro. Wamaasai walikuwa wakiishi humo, na mgogoro ukaanza mara moja. Mwaka 1954 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya mipaka ya hifadhi. Baada ya uchunguzi wa kamati ya serikali, mwaka 1958 baadhi ya wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti ya magharibi.

Kwa mtazamo wa sheria ya mikataba, makubaliano hayo yanaibua maswali ambayo kila mwanafunzi wa biashara hutakiwa kuyauliza. Je, waliotia saini walikuwa na mamlaka ya kuwafunga wengine? Je, ridhaa yao ilikuwa huru? Kila upande ulitoa nini? Wazee hao walikuwa na heshima ya kimila, lakini mila haikumpa mzee yeyote uwezo wa kuhamisha malisho ya olosho nzima kwa saini yake. Kwa upande wa serikali, ahadi ya kuwaendeleza Wamaasai ndani ya Ngorongoro, ikiwa ni pamoja na huduma ya maji, haikuwekwa katika hati ambayo wangeweza kuidai mahakamani.

Sheria ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro ya mwaka 1959 ilitenga takribani kilomita za mraba 8,292 kutoka Serengeti na kuruhusu watu, mifugo na wanyamapori kuwa pamoja. Tarehe 27 Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliliambia Baraza la Wamaasai kwamba endapo masilahi ya watu yangegongana na ya wanyama ndani ya eneo hilo, ya watu yangetangulizwa. Tamko hilo limekuwa likikumbukwa na wakazi kwa miaka mingi. Hata hivyo, kauli ya kiongozi, hata ikitolewa hadharani, haina nguvu ya sheria iliyotungwa. Kati ya ahadi ya Gavana na kifungu cha sheria, mahakama hufuata kifungu.

Tofauti hiyo ilidhihirika miaka ya 1970. Mwaka 1974 wakazi waliokuwa ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 Bunge lilirekebisha sheria: Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ikafanywa kuwa mtu wa kisheria, mwenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na kilimo kikafanywa kuwa kosa. Kuanzia hapo mkazi aliyelima bustani ya mahindi aliingia katika sheria ya jinai kwa tendo ambalo jirani yake wa Karatu alilifanya kama sehemu ya biashara yake. Mwaka 1979 Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sheria ya kimataifa ikaongezeka juu ya tabaka zilizokuwepo. Kilimo kidogo cha kujikimu kiliruhusiwa tena mwaka 1992 kwa tamko la Waziri Mkuu, kisha kikazuiwa tena baadaye. Kulegezwa huko kulikofanywa kwa tamko pasipo kubadili sheria kunaonyesha jinsi haki isiyoegemea kwenye kifungu inavyoweza kuondolewa kwa urahisi uleule iliotolewa.

5.0 Vijiji na mashauri ya Karatu, 1973–1992

Baada ya Uhuru, serikali ilitaka sheria moja kwa wananchi wote. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, mahakama za wenyeji ziliunganishwa katika mfumo mmoja unaoanzia Mahakama ya Mwanzo, na mashamba yaliyomilikiwa moja kwa moja bila ukomo wa muda yaligeuzwa kuwa ya kukodishwa na serikali. Msingi wa sera hii ulikuwa umeelezwa na Julius Nyerere katika andiko lake la mwaka 1958, Mali ya Taifa: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na kinachomfanya mtu adai haki ni jasho alilolitia.

Kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kwenda katika vijiji. Katika Karatu, iliyokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu, mashamba yaliyolimwa na familia kwa mila yaligawiwa upya kwa watu waliohamishwa. Ugawaji huo ulifanywa kwa maagizo ya chama na serikali, na kwa sehemu kubwa haukufuata utaratibu wa kisheria wa kuondoa haki za awali. Kwa macho ya sheria, mwenye shamba wa kwanza hakuwa amepoteza kitu, ingawa mtu mwingine alikuwa akivuna humo.

Katika miaka ya 1980 wenye mashamba wa awali walianza kwenda mahakamani, hasa katika Mkoa wa Arusha, na baadhi walishinda. Serikali ikakabiliwa na tatizo la kweli, kwa kuwa aliyepewa shamba kijijini naye alikuwa amelitegemea kwa zaidi ya miaka 10, na kumwondoa kungezaa dhuluma mpya. Mwaka 1987 ilitolewa amri ya kufuta haki za kimila katika baadhi ya vijiji vya Mkoa wa Arusha. Mwaka 1992 Bunge lilitunga Sheria Namba 22 ya kusimamia umiliki wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila zilizokuwepo kabla ya operesheni, ilizuia fidia kwa kufutwa huko, na ilisimamisha mashauri yaliyokuwa mahakamani. Ilipitishwa wakati Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kazi yake.

6.0 Uamuzi wa mwaka 1994

Baba na mwanawe, wakazi wa Kijiji cha Kambi ya Simba katika Kata ya Mbulumbulu, walikuwa wamefungua shauri katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha mwaka 1987 wakidai shamba lao la kimila, nao wakashinda. Rufaa ikiwa bado Mahakama Kuu, Sheria Namba 22 ikaja kuufuta ushindi wao. Walirudi mahakamani kwa njia nyingine: badala ya kudai shamba dhidi ya jirani, walidai katiba dhidi ya dola. Shauri lililoanza kuwa la sheria binafsi likageuka kuwa la sheria ya umma. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu Sura ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na ikaanza kutekelezeka mahakamani mwezi Machi 1988.

Mahakama Kuu iliwapa haki, na Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa uamuzi. Swali la msingi lilikuwa moja: je, haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba? Upande wa serikali ulidai kuwa si mali, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Ilieleza kuwa kuikubali kungewafanya wananchi walio wengi wawe kama wavamizi katika nchi yao wenyewe. Rais hushika ardhi ya umma kama mdhamini, naye mdhamini hawezi kuitumia dhamana kumnyang'anya mnufaika.

Kuhusu fidia, Mahakama ilirejea fikra ya Nyerere kwamba jasho ndilo huipa ardhi thamani. Mtu aliyefyeka na kulima anastahili fidia ya haki hata kama hakuacha jengo wala mti wa kudumu juu ya shamba. Vifungu vilivyonyima fidia na vilivyofunga milango ya mahakama vilitamkwa kuwa batili.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana zaidi ukilinganishwa na ule wa mwaka 1985 katika shauri la Kijiji cha Mulbadaw, Wilaya ya Hanang, dhidi ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Katika shauri hilo kijiji kilishindwa, kwa sehemu kwa kuwa hakikuthibitisha umiliki wake wa ardhi hiyo wala kuwa wanakijiji walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria. Wafugaji wa Kibarabaig walitakiwa kuonyesha kilichojulikana na kila jirani. Ndani ya miaka 9, mahakama ileile ilitoka katika kudai uthibitisho wa uenyeji hadi kuitambua haki ya mila kuwa mali ya kikatiba.

7.0 Matokeo ya kisheria na ya kibiashara

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ziligawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya pili ilitamka kuwa hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati ya serikali, na ikaruhusu mwanakijiji kupata cheti. Aidha, ilibatilisha mila zinazowanyima wanawake, watoto na watu wenye ulemavu haki ya kupata ardhi. Migogoro iliwekewa ngazi kwa sheria ya mwaka 2002, kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata limebaki na kazi ya usuluhishi.

Kwa mkulima wa Karatu, mabadiliko haya yana maana ya kibiashara. Mwenye cheti anaweza kukitumia kuombea mkopo, kuingia mkataba wa kukodisha na kurithisha kwa ushahidi. Bado sheria nyingine zinamgusa. Mlimaji wa vitunguu wa Mang'ola anapouza zao lake, bei ni suala la mkataba kati yake na mnunuzi. Lakini mnunuzi akilazimisha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, suala hilo linatoka katika hiari ya wawili na kuingia katika Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, ambayo ni ya umma na ina adhabu. Mauzo hayohayo yanaweza kuzaa dai na kosa kwa wakati mmoja.

Kwa mkazi wa Ngorongoro hali ni tofauti. Vijiji vyake viliandikishwa kwa sheria za serikali za mitaa, lakini ardhi yake inatawaliwa na sheria ya hifadhi, inayoipa Mamlaka uwezo wa kudhibiti makazi, malisho na ujenzi. Mali yake kuu, ambayo ni mifugo, ni yake kikamilifu. Ardhi inayoilisha mifugo hiyo haiwezi kuwekwa rehani wala kupimwa kwa hati. Utalii huleta mapato makubwa katika eneo hilo, lakini mikataba ya hoteli hufungwa na mwenye mamlaka ya kisheria juu ya ardhi. Tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kuhamisha wakazi kwenda Msomera, Wilaya ya Handeni, maswali ya mwaka 1958 kuhusu ridhaa, uwakilishi na fidia yamerudi katika mjadala wa kitaifa.

8.0 Hitimisho

Historia ya Karatu na Ngorongoro inabainisha kuwa aina za sheria hazikai kila moja katika sanduku lake. Hukaa tabaka juu ya tabaka: mila, amri ya Kaisari, sheria ya Uingereza, sheria za Bunge, Katiba na mikataba ya kimataifa. Mgogoro hutokea pale tabaka mbili zinapotoa majibu tofauti kuhusu kipande kimoja cha ardhi, na mshindi huwa yule anayeegemea tabaka la juu zaidi. Baba na mwanawe wa Kambi ya Simba walishinda kwa sababu, sheria ya Bunge ilipowageuka, Katiba ilikuwa juu yake. Wazee wa mwaka 1958 walikuwa na mila na ahadi, lakini hapakuwa na katiba ya kukimbilia.

Hivyo basi, mwanafunzi wa biashara anayejifunza kutofautisha sheria ya umma na sheria binafsi anajifunza kuuliza swali ambalo wakazi wa pande zote mbili za lango la Lodoare wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya karne moja: haki hii imetoka wapi, nani anaweza kuiondoa, na akiiondoa atalipa nini?